Sebene, panki na mashairi ya Makala

Faustin Linyekula ni mcheza dansi. Flamme Kapaya alijulikana kwa gitaa la solo katika Wenge Musica Maison Mère, bendi ya ndombolo ya Werrason. Antoine Vumilia Muhindo alikuwa mfungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Hakuna kati yao aliyekuwa na jina katika roki, lakini mwaka 2009 kazi yao ya pamoja, more more more… future, ilipandisha panki jukwaani.

Linyekula na Vumilia ni marafiki wa ujana wao Kisangani. Linyekula alianzisha kampuni yake ya dansi, Studios Kabako, Kinshasa mwaka 2001, akaipa jina la rafiki yao aliyefariki, kisha mwaka 2006 akaihamishia Kisangani. Huo ni mji ambao Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake siku sita. Mtu wa Kisangani akiwasikia mapanki wa Uingereza wa 1977 wakilia kwamba kesho haipo, ana haki ya kuuliza: ninyi mlinyang'anywa lini? Ndiyo maana jina la onyesho linadai kesho zaidi, tena mara tatu.

Tuje kwenye gitaa. Sebene, kile kipande cha gitaa cha kuchezesha watu katika ndombolo, na panki ni ndugu kuliko watu wanavyodhani; zote zinaweza kuishi kwa kodi tatu tu (za muziki, si za serikali). Zinapogombana ni kwenye sauti. Gitaa la sebene hulia safi, nyuzi nyembamba, juu. Magitaa mawili, solo na mi-solo, husukana, moja ikijaza pengo la nyingine. Panki inataka mkwaruzo. Sasa ukikwaruza sebene, nota huvimba, zikamezana, na msuko ukapotea. Wapiga roki hulikwepa tatizo hilo kwa kuipunguza kodi ibaki na nota mbili, ya mzizi na ya tano. Mwana ndombolo anayevuka upande wa pili hana budi kuamua, kipande kwa kipande, wapi asuke na wapi akwaruze.

Ngoma nazo zina kesi yao. Snea ya panki hugonga pigo la pili na la nne, basi. Ya Kikongo, tangu mdundo wa kavacha wa bendi ya Zaïko Langa Langa miaka ya 1970, huzunguka bila kutua. Besi ya ndombolo huruka na kuacha mapengo. Ya panki hung'ang'ania nota moja kama mtu mwenye hasira.

Mavazi ya onyesho yalitoka kwa Lamine Kouyaté wa Xuly Bët, Mmali wa Paris aliyepata sifa kwa kushona nguo kuukuu kwa uzi mwekundu, mishono ikiachwa nje. Chaguo hilo naliona sahihi kabisa kwa muziki wa namna hii.

Ila kwangu, mshono mgumu zaidi uko kwenye maneno. Ndombolo hulishwa na mabanga: mwanamuziki "hutupa jiwe", yaani hutaja jina la tajiri au mkubwa, na mkubwa hulipa. Hapa nafasi ya majina hayo ilishikwa na mashairi ya Vumilia, aliyefungwa katika kesi ya mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Hakuwa na cha kumlipa mwimbaji. Onyesho lilipoanza kuzunguka, mwenyewe alikuwa bado ndani.