Nani Alilala Hapa Jana?

Kwenye nyumba za kupanga za Kimandolu, geti moja laweza kuwa na kaya sita ndani yake. Mdadisi mzoefu wa utafiti wa kaya hahesabu milango. Anauliza nani anakula chungu kimoja na nani, na mkuu wa kaya ni yupi. Kisha linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: nani alilala hapa jana usiku? Mama atamtaja mumewe, kisha watoto. Dada wa kazi, binti wa miaka 16, yuko pale pale uani anafua, na bila swali hilo asingetajwa kabisa. Akishaingia kwenye orodha anahojiwa kivyake, mlezi akiridhia na yeye mwenyewe akikubali. Bosi akijisogeza, mdadisi anasitisha maswali ya siri na kurukia mambo ya kawaida, sauti ile ile, kama vile alikuwa akiongelea hayo tangu mwanzo.

Kwa wadogo, kazi ni ya mikono. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala kwenye ubao: mmoja anashika kichwa, mwingine anakandamiza magoti na kusoma hadi milimita. Viatu nje, na vibanio vya nywele pia. Ila urefu bila umri haufai kitu. Mama akisema mtoto ana “mwaka na kidogo”, hicho kidogo ndicho kinachotafutwa. Inatolewa kadi ya kliniki, na ikiwa haipo wanaanza kukumbushana: alizaliwa kabla ya Pasaka au baada? Miezi mitatu ikikosewa, mtoto mzima wa afya anaweza kuandikwa amedumaa.

Katika utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 yalichaguliwa maeneo 629, kaya 26 kila eneo. Ndiko tulikojua kuwa udumavu kwa walio chini ya miaka mitano umeshuka hadi asilimia 30, kutoka 34 mwaka 2015-16, na kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walishawahi kupata mimba. Ili takwimu kama hizo ziaminike, kaya iliyochaguliwa ikikutwa imefungwa, mdadisi haruhusiwi kuhamia kwa jirani aliyepo. Jirani mwenye muda wa kukaa nyumbani mchana huenda anaishi maisha mengine kabisa. Kwa hiyo anarudi jioni, akikuta kufuli anarudi tena kesho asubuhi.