DRFA na Mlango wa Mamluki

Uamuzi wa kuwaachia wachezaji wa Ligi Kuu washuke kucheza Ndondo Cup ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, na kila msimu unaopita unazidi kuuthibitisha ubaya wake. Nalisema hilo mapema ili tusizungushane. Mashindano haya yalipoanza mwaka 2014 wengi tulishangilia, kwa sababu timu za mitaa zilipata jukwaa. Lakini soka la jiji hili lina mlezi, naye ni Chama cha Soka Mkoa wa Dar es Salaam, DRFA, pamoja na vyama vyake vya wilaya. Mtangazaji anatafuta wasikilizaji na mfadhili anatafuta wateja, hiyo ni haki yao. Anayepaswa kumuangalia mtoto ni chama.

Picha yenyewe mnaijua, iwe Kinesi, Bandari au Makurumla. Timu ya mtaa imevuka makundi na vijana wake. Winga wa kulia ana miaka 17, amecheza mechi zote, ameanza kujua lini amkimbilie beki na lini arudi kumsaidia mwenzake nyuma. Inakuja hatua ya mtoano. Saa moja kabla ya mchezo bodaboda inashusha mtu ambaye sura yake imo magazetini, anapewa jezi, na winga wetu anavaa bipsi na kukaa benchi. Mamluki huyo hajafanya nao mazoezi hata siku moja. Jina lake tu ndilo limempanga.

Sasa tazameni kinachotokea uwanjani, maana hapa ndipo watu wengi hutazama mpira na kuacha kuona mchezo. Timu ambayo ilikuwa inakaba kuanzia juu inaacha kukaba juu, kwa sababu mgeni hakimbii. Hawezi kukimbia: ana mkataba na klabu, ligi inaanza baada ya wiki chache, na akivunjika mguu mchangani hakuna wa kumtibu. Kwa hiyo anasimama, na mipira yote inatafuta miguu yake. Beki wa pembeni haruhusiwi tena kupanda, kwa sababu akipanda hakuna wa kuziba nafasi. Faulo ni zake, kona ni zake, penalti ni yake. Kiungo mwenye miaka 18, ambaye mechi iliyopita ndiye aliyekuwa anaamua mpira uende upande gani, leo kazi yake ni kuuchukua na kumpelekea mkubwa. Hasara basi haiishii kwa yule mmoja aliyekaa benchi. Wale kumi waliobaki uwanjani nao wamenyang'anywa maamuzi, na mchezaji hukua kwa kuamua.

Timu ikishinda, mamluki ndiye anayebebwa. Ikifungwa, vijana ndio wanaolaumiwa kwa kutomlisha mipira. Mara zote mbili kijana wa mtaa anaondoka na somo lilelile, kwamba nafasi yake hailindwi na mtu yeyote.

Tuingie kwenye kanuni, maana DRFA ni chama cha kanuni. Utaratibu wa FIFA uko wazi: mchezaji husajiliwa na klabu moja kwa wakati mmoja. Kama Ndondo ni mashindano rasmi, yenye kibali cha mkoa na waamuzi wanaotambuliwa na chama, basi mchezaji mwenye leseni ya klabu ya Ligi Kuu anaichezea timu ya mtaa kwa usajili gani? Na kama si rasmi, ni bonanza la kujifurahisha, kibali cha chama kinatoa uhalali wa nini? DRFA haiwezi kushika ncha zote mbili. Mkoa huuhuu, kwenye ligi yake ya daraja la tatu, timu ikimchezesha mtu asiye na usajili halali inakatiwa rufaa na mpinzani anapewa pointi za mezani. Kosa linaloadhibiwa kwenye ligi linageuka kivutio kwenye Ndondo.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja moja tu, kwamba watu wanataka kuona majina. Sikubali. Mashabiki wa jiji hili wana Uwanja wa Mkapa wenye viti 60,000 kwa ajili ya kutazama majina. Wanaojaa kwenye kuta na mapaa ya Kinesi wanakuja kwa sababu mtaa wao unacheza na mtaa wa pili, wanakuja kumuona kijana waliyemuona anakua. Ushabiki huo ulikuwapo kabla ya mamluki na hautaondoka wakiondoka.

Mengine yamefanywa vizuri: maandalizi, matangazo, usalama, na ligi ya mkoa inachezwa.

Lakini tulikotoka hatukuwa na mtindo huu wa mamluki. Tembeeni hatua chache tu kutoka sokoni Kariakoo mtaona historia yote ya mpira wa nchi hii imebanwa katika mitaa michache: Simba pale Msimbazi, Yanga kwenye makutano ya Twiga na Jangwani, na Cosmopolitan iliyochukua ubingwa wa taifa mwaka 1967 mbele ya wakubwa wote wawili. Miaka ya mwanzo ya 1970 Yanga ilikuwa na Mromania, Victor Stanculescu, aliyejenga kikosi cha vijana, Yanga Kids, na kukifundisha kwa uzito uleule aliokifundishia kikosi cha kwanza. Ugomvi wa mwaka 1976 ulipoipasua klabu, vijana wengi wa kizazi kile wakawa msingi wa Pan African, nayo ikaja kuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1982. Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola, iliongozwa na nahodha Leodegar Tenga wa Pan. Ilipita miaka 39 kabla hatujarudi kwenye fainali hizo. Mimi nasema bila kusita kwamba kiungo wa Yanga Kids alikuwa na mechi nyingi za maana miguuni akiwa na miaka 18 kuliko kiungo wa mtaani leo, kwa sababu hakuna mkubwa aliyeshushwa siku ya mechi kubwa kuchukua namba yake. Sunday Manara hakufika Heracles ya Uholanzi kwa kutazama wengine wakicheza.

Sasa nije kwenye donda langu la zamani, daftari la usajili. Nimeliandika mara nyingi na nitaendelea kuliandika mpaka mtu alitie mikono. Kwenye soka la mtaani Dar es Salaam tunasajili timu, hatusajili watoto. Kiongozi anajaza orodha ya majina kwa ajili ya mashindano fulani, mashindano yanaisha, orodha inatupwa. Msimu ujao orodha mpya. Mtoto hana kumbukumbu kwamba alicheza wapi akiwa na miaka 12, wala 14, wala 16.

Kumbukumbu hiyo ni fedha. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, FIFA inataka asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Misimu minne ya mwanzo kila mmoja una robo asilimia, na kuanzia 16 kila msimu una nusu asilimia. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ada ilikuwa ya mamilioni ya pauni. Robo asilimia ya fedha za namna hiyo inanunua mipira, jezi na nauli za timu ya mtaa kwa miaka. Lakini anayelipwa ni klabu ambayo jina lake limo kwenye pasipoti ya mchezaji, pasipoti hiyo inatokana na usajili, na usajili unaanzia wilayani. Samatta ni kijana wa Mbagala aliyepanda kupitia Mbagala Market, timu iliyokuja kuwa African Lyon, kisha Simba, kisha TP Mazembe. Ni Samatta wangapi wa Gerezani, Ilala na Buguruni ambao miaka yao ya 12 hadi 16 haimo kwenye karatasi yoyote?

Daftari hilohilo ndilo dawa ya vijeba, wachezaji wanaodanganya umri. Hatujasahau, au hatupaswi kusahau, kwamba Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 kule Gambia kisha ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Tangu mwaka 2009 FIFA inapima mifupa ya mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Wilaya ya Ilala haina MRI na haihitaji kuwa nayo. Mtoto akiandikwa kwenye daftari la chama akiwa darasa la nne, na cheti cha kuzaliwa kikabandikwa pale, hawezi kuwa na miaka 15 mara tatu. Kijeba hutengenezwa na kijana kuandikwa kwa mara ya kwanza akiwa tayari ana ndevu.

Mwaka 2019 tuliandaa fainali hizo za Afrika za chini ya miaka 17 hapahapa Dar es Salaam. Tukafungwa na Nigeria 5-4 katika mechi ambayo tuliongoza, tukafungwa na Uganda 3-0, tukafungwa na Angola 4-2. Mechi tatu, mabao 12 nyavuni mwetu. Lawama zilimwendea kocha. Mimi niliona vijana wenye vipaji wasiojua kulinda uongozi, na kulinda uongozi hakufundishwi kambini kwa miezi miwili. Hujifunzwa kwa kucheza ligi ndefu ukiwa mdogo, mechi baada ya mechi, ukiongoza na kusawazishiwa. Mashindano ya mtoano ya wiki chache hayawezi kufundisha hilo, na yakiwa na mamluki ndani yake hayafundishi chochote.

Ligi ndefu inahitaji viwanja, na Kariakoo viwanja vinakwisha. Bonde la Jangwani, ambako vizazi vya watoto wa Kariakoo na Magomeni vilikutana kucheza, sehemu yake ilitolewa kwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na mafuriko ya Msimbazi yamekuwa yakiivamia karakana yenyewe mvua kubwa zinapokuja. Mnazi Mmoja ni uwanja wa maadhimisho. Kilichobaki cha maana ni Kidongo Chekundu, kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Sunderland ya Uingereza na kampuni ya Symbion Power, kazi nzuri kabisa, lakini hakiwezi peke yake kubeba watoto wote wa katikati ya jiji. Mradi wa Bonde la Msimbazi umeahidi bustani kubwa ya jiji pale bondeni. Viongozi wa Ilala na wa mkoa wanapaswa kukaa na wenye mradi huo sasa, wakiwa na michoro ya viwanja mkononi. Bustani ikishapandwa maua hakuna atakayeing'oa kwa ajili ya magoli.

Ninachokiomba kwa DRFA hakihitaji mfadhili. Kabla ya kibali cha Ndondo ijayo kutolewa, kanuni iandikwe kwamba mwenye leseni ya Ligi Kuu au Championship hachezi, na timu itakayomchezesha inapoteza mchezo. Kila kikosi kiwe na vijana wa chini ya miaka 20 wasiopungua watano uwanjani tangu filimbi ya kwanza. Majina yote yabaki kwenye daftari la mkoa baada ya fainali.

Na ninyi wenye maduka ya Kongo, Aggrey na Narung'ombe, ambao kila msimu mnapitishiwa bakuli la kuchangia timu ya mtaa: muulizeni kiongozi fedha hizo zinakwenda wapi. Akiwajibu kwamba zinakwenda kumleta mchezaji wa Ligi Kuu kwa ajili ya robo fainali, msitoe. Akija na orodha ya watoto wa mtaa na vyeti vyao vya kuzaliwa, mpeni.