Bei ya Maharage Haiishii Sokoni

Kaya inayoacha nyama, iwe kwa imani, kwa afya au kwa ugumu wa maisha, hutarajia matumizi ya chakula yashuke wiki hiyohiyo. Sokoni kweli hushuka. Lakini mwisho wa mwezi, anayeandika matumizi yake aghalabu hukuta mkaa au gesi imekula sehemu kubwa ya kile kilichookolewa buchani, na hapo maharage huanza kulaumiwa. Hoja yangu ni kwamba maharage hayana kosa. Kosa liko kwenye hesabu. Chakula hiki hulipiwa mara mbili, kwanza kwa muuzaji, kisha kwa moto, na anayepanga malipo ya kwanza peke yake hajabana matumizi bado.

Tuanze na sokoni, maana huko hesabu ni fupi. Kilo moja ya maharage makavu ina gramu 210 hadi 240 hivi za protini, kiasi ambacho hakiko nyuma ya kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa. Yakipikwa, maharage hunywa maji na uzito wake huongezeka zaidi ya maradufu, ilhali nyama hupoteza maji na kusinyaa. Wapo wanaosema protini ya maharage ni pungufu, na wana sababu: ina methionini kidogo, na mwili huimeng'enya kwa shida kuliko ya nyama. Lakini mahindi, ambayo yamepungukiwa laisini, yana methionini. Na maharage yana laisini kwa wingi. Ndiyo kazi inayofanywa na makande, au githeri kwa wenzetu wa Kenya, na hata na ugali kwa maharage: kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Wala si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikiliwa siku moja inatosha.

Kwenye moto ndiko kuna mambo mengi. Punje kavu ikitiwa sufuriani moja kwa moja, sehemu kubwa ya mkaa hutumika kulainisha ganda na kuingiza maji hadi ndani, kazi ambayo maji baridi huifanya bure usiku kucha. Maharage yaliyochaguliwa mawe, yakaoshwa na kurowekwa kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, asubuhi huwa yamevimba na ganda halina mikunjo. Ukiipasua punje moja kwa kucha, ndani haina kiini kikavu. Yamwage maji hayo na utie mapya. Kufanya hivyo hupunguza pia ile gesi tumboni inayowafanya wengi wayaogope maharage. Kitu kingine ni ukali wa moto. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata mkaa uongezwe vipi: pwani yatasimama kwenye nyuzijoto 100, na Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye 94 hivi. Kwa hiyo moto mkali chini ya sufuria inayochemka tayari hauivishi haraka zaidi. Unageuza maji kuwa mvuke tu. Funika, punguza moto, acha yatokote. Watu wa nyanda za juu ndio wanaofaidika zaidi na sufuria ya presha, kwa sababu yenyewe hupandisha joto hadi karibu nyuzi 120.

Mpangilio wa viungo nao una gharama yake. Nyanya na ndimu zina asidi, na asidi huchelewesha maharage kulainika. Ndiyo maana mpishi mzoefu huyachemsha chapwa kwanza, kisha huyaunga yakishaiva. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1, na maharage yaliyorowekwa vizuri hayayahitaji. Njia nyingine ni kapu lililopangwa matambara au majani makavu, ambamo sufuria ya moto hufunikwa na kuachwa iivishe kwa joto lake yenyewe. Hapa pana sharti la usalama: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondolewa na mchemko wa nguvu, kwa hiyo yachemke kwa nusu saa kabla ya kuingia kapuni, na yakitoka yachemshwe tena kabla ya kuliwa.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu kipato. Kununua debe zima na kupika kwa wingi ili kubana matumizi kunamfaa mwenye mshahara. Anayelipwa kwa siku hununua kwa kupima, na hana friji ya kuwekea chakula cha siku tatu. Pingamizi hili ni la haki, na ushauri wowote unaolipuuza hauna maana. Lakini tazama ni hatua zipi zinazodai mtaji: debe na sufuria ya presha. Kuroweka, kufunika na kupunguza moto havidai hata senti. Asiye na friji na apike ya siku moja, na siku ambayo hakuroweka anunue choroko au kamande, ambazo huiva mapema hata bila kulowana. Majirani wanaweza kuchangia debe na kugawana siku hiyohiyo, kabla wadudu hawajaanza kuyatoboa maharage. Na maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hukataa kuiva, hivyo rundo la bei ya kutupa huenda likalipiwa upya kwa mkaa.

Lipo pia suala la afya, na halifai kufichwa kwa ajili ya akiba. Mimea haitupi vitamini B12 ya kutegemea. Asiyekula nyama anahitaji mayai, maziwa au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na fedha yake itengwe mapema. Madini ya chuma ya maharage na mchicha hufyonzwa vizuri zaidi pakiwa na ndimu au chungwa mlo huohuo, na chai isubiri saa moja au mbili.

Anayetilia shaka hoja hii anaweza kuipima kwa kopo la mkaa. Wiki moja apike bila kuroweka, wiki ya pili aroweke, afunike na apunguze moto, kwa maharage yaleyale na sufuria ileile, kisha ahesabu makopo. Tofauti atakayoiona ni sehemu ya bei ya maharage ambayo muuzaji hakuwahi kumtajia.