Heshima kwa Wachonga Sarafu wa Roma

Wachonga mihuri ya sarafu wa Roma hawakutia majina yao kwenye kazi, lakini wanastahili heshima ileile tunayowapa wachonga sanamu. Tazama sarafu ya sestertius ya Kaisari Nero ya mnamo mwaka 64. Katika duara la shaba lenye upana wa sentimita tatu na nusu hivi imeenea bandari nzima ya Ostia: gati zimepinda, merikebu zimejaa katikati, na chini yake mungu amejinyoosha. Yote hayo yalichongwa kwa mkono, tena kinyumenyume, ndani ya muhuri mgumu, ndipo nyundo ikashuka. Atasema mtu kwamba hizo zilikuwa propaganda tu za kaisari. Naam, zilikuwa. Ila amri hutoa mada, haitoi ustadi. Kaisari Vespasian alipojisifu kwenye sarafu mwaka 71 kwa kuishinda Yudea, mchonga muhuri alimweka mwanamke chini ya mtende, ameketi, kashika tama. Fahari ilikuwa ya mshindi. Jicho, hata hivyo, huenda kwanza kwa aliyeshindwa, na sarafu hiyo ilipita mikononi mwa wanunuzi wa kawaida sokoni.