Kuutambua Ubora wa Samani za George Nakashima

Anayetaka kupima ubora wa samani za mbao ngumu za kienyeji hana budi kuutazama ubao kabla ya umbo, na kazi za George Nakashima, seremala wa Marekani aliyezaliwa Spokane mwaka 1905 na kufariki mwaka 1990, zinafaa sana kulinoa jicho, kwa sababu uamuzi wake mkubwa aliufanya wakati gogo linapasuliwa, meza ikiwa bado haijaanza kuundwa. Alisomea misitu kabla ya kuhamia usanifu majengo. Na mwaka 1942, alipozuiliwa katika kambi ya Minidoka, Idaho, pamoja na Wamarekani wengine wenye asili ya Kijapani, alijifunza kazi ya mkono kwa Gentaro Hikogawa, fundi wa jadi ya Kijapani. Mwaka uliofuata alihamia New Hope, Pennsylvania, na huko akajenga karakana iliyompa jina.

Mti uliobeba sehemu kubwa ya kazi zake ni mjozi mweusi, ambao kiini chake, yaani sehemu ya ndani iliyokomaa, kina rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, huku tabaka la nje, lililokuwa likipitisha maji mti ulipokuwa hai, likiwa jeupe. Viwanda vingi huzipiga mvuke mbao hizi ili weupe ufunikwe. Rangi husawazika kweli, lakini uhai wake hufifia. Katika meza za Nakashima mara nyingi weupe huo umeachwa kwenye ukingo wa asili, yaani ukingo usionyooshwa kwa msumeno, na hapo ndipo mwigaji hujifichua: tabaka jeupe la kweli huufuata ukingo katika kila kona yake, ilhali ukingo uliochongwa mawimbi kwa makusudi huyakata manyuzi ya mti ovyo, na weupe huanza na kukoma bila sababu.

Linalostahili kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni ufa. Ubao mpana uliotoka karibu na moyo wa mti hupasuka unapokauka, na mafundi wengi huikata sehemu hiyo au huijaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, jambo ambalo ni kuuonea haya mti usio na kosa. Nakashima aliuacha ufa wazi, akauzuia usiendelee kwa kipepeo, kipande cha mti mgumu chenye kiuno chembamba na mabawa mawili, kinachozamishwa katika ubao. Kipepeo kizuri huketisha kiuno chake juu ya ufa wenyewe. Manyuzi yake hukatiza ufa badala ya kwenda nao sambamba, kwa maana yakienda sambamba kiuno kitavunjika. Na kingo zake hubana kiasi kwamba ukucha ukipitishwa haukwami popote. Kipepeo kilichopachikwa pasipo na ufa wala kiungo cha kushikilia ni pambo tu, na pambo la namna hiyo humshushia fundi hadhi.

Kisha meza ipinduliwe. Kwa kuwa ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, ni lazima skrubu zinazoushikilia ziwe na nafasi ya kusogea, la sivyo uso utapasuka hata kama gundi ni imara. Ni huko chini pia ambako mara nyingi huonekana jina la mteja lililoandikwa kwa mkono.

Kiti chake cha Conoid cha mwaka 1960 kinadai kipimo kingine, kwani kinasimama kwa miguu miwili tu juu ya mbao mbili zilizolala sakafuni, kikalio kikining'inia mbele, na egemeo likiwa la fito za hikori, mti mgumu unaonepa bila kuvunjika. Mtu akikikalia na kuegemea, fito zinepe kidogo, lakini pale kikalio kinapokutana na miguu pasisikike mlio wowote.