Wiki Kumi za Kumtengeneza Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wa stashahada hapa kwetu Tanzania kwa kawaida husomea kazi yake miaka miwili. Mjitolea wa Peace Corps anayekuja kutoka Marekani kufundisha kemia au fizikia hupewa takriban wiki kumi, huapishwa, kisha hupangiwa shule kwa miaka miwili. Sayansi anaijua tangu kwao. Kinachotafutwa katika wiki hizo ni namna ya kuifundisha kwenye shule ya kata, tuseme ukanda wa Holili, mpakani na Kenya, ambako chumba cha maabara huenda kipo lakini bureti hazitoshi hata meza moja.

Zamani hesabu hii ilipigwa tofauti. Mwaka 1961 wajitolea wa kwanza waliokuja Tanganyika, wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi, walianza kunolewa Texas Western College, El Paso. Mwaka huohuo mpango wa Teachers for East Africa, chini ya Teachers College ya Columbia, New York, uliwaleta walimu wake Makerere, na baadhi yao walisoma diploma ya elimu palepale. Naona Makerere ndiko walikolenga vizuri zaidi. Ualimu wa mahali hujifunzwa mahali hapo, na mafunzo ya leo yamefuata njia hiyo: mjitolea anakaa na familia ya Kitanzania, anasoma Kiswahili kila siku, kisha anasimama mbele ya darasa la kweli huku mkufunzi amekaa nyuma na daftari.

Sehemu inayonivutia ni ya vifaa. Wajitolea wenyewe walikusanya mwongozo uitwao Shika na Mikono, na mantiki yake ni rahisi: kemikali nyingi za mtaala zinauzwa madukani kwa majina mengine. Tuchukue titresheni. Asidi ya betri ya gari, ikiwa mpya, ina takriban moli 4.5 za asidi ya salfuriki kwa lita. Ukipima mililita 11, ukaimimina taratibu ndani ya maji (kamwe usimimine maji ndani ya asidi) na kujaza hadi lita moja, unapata karibu 0.05 M. Kostiki ya watengeneza sabuni, gramu 4 kwa lita, inakupa 0.1 M. Miyeyusho hiyo miwili inamalizana kwa ujazo ulio sawa. Kiashiria ni maji ya choya, mekundu kwenye asidi na yenye kuelekea kijani kwenye alkali. Badala ya bureti, bomba la sindano kutoka duka la dawa. Ukishuka Himo, mahitaji yote haya unayapata kwa mzunguko mmoja wa maduka.

Ila bomba hilo lina kikomo, na mafunzo mazuri hukitaja. Mistari yake huachana kwa 0.2 ml, wakati bureti husomwa hadi 0.05. Mtoto aliyezoea bomba peke yake atajua kwa nini rangi inabadilika, ataweza kurudia na kutafuta wastani, lakini siku ya mtihani atakutana na bureti kama mgeni. Kwa hiyo bureti chache zilizopo zisifungiwe kabatini zikingoja Kidato cha Nne. Wanafunzi wazishike kwa zamu mapema.

Tena kuna jambo ambalo mkufunzi wa El Paso asingelifikiria. Kitabu kinasema maji huchemka nyuzi 100. Kwenye miinuko ya kuzunguka Moshi, mita 800 au 900 juu ya bahari, kipimajoto kitasimama karibu na 97, na juu ya Kilimanjaro, kileleni Uhuru, mita 5,895, karibu na 80. Mwalimu asiyeandaliwa atasema kifaa ni kibovu. Aliyeandaliwa ana kipindi kizima cha kanieneo ya hewa, na mlima wenyewe unaonekana dirishani mawingu yakiruhusu.

Udhaifu ninaouona uko kwenye lugha, japo Kiswahili chenyewe hufundishwa vizuri. Kile cha nyumbani na sokoni hakimsaidii mjitolea kueleza upunguzaji na uoksidishaji. Darasani sera inataka Kiingereza, na mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka miaka saba ya kusoma kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka, Taveta, mwenzake ameshasoma masomo mengi kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Wiki mbili kati ya zile kumi zingetumika kuzoeza uhamaji huo: kueleza dhana kwa Kiswahili cha sayansi, kisha kuiandika ubaoni kwa Kiingereza kifupi, kwa mwendo wa pole.

Machi 2020, Peace Corps iliwaondoa wajitolea wake wote duniani, karibu 7,000, kwa sababu ya korona. Palipokuwa na mwalimu Mtanzania aliyechanganya ile miyeyusho pamoja na mjitolea, vipindi vya vitendo vingeweza kuendelea mara shule zilipofunguliwa. Ndiyo maana ningependa kila mjitolea aende mafunzoni na mwenzake wa idara ya sayansi wa shule atakayopangiwa, wakae benchi moja, na gharama ya chakula na nauli ya huyo wa pili iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.