Dakika Nzima: Namna ya Kumpima Tabibu wa Zahanati

Wengi wetu humpima tabibu kwa uzito wa mfuko anaotoka nao mgonjwa. Akitoka na vidonge vya aina nne na sindano juu yake, basi yule daktari anajua. Akitoka na paketi mbili za ORS na maneno, ametupuuza. Kipimo hiki kimekaa kichwa chini miguu juu, na kwenye zahanati ya kijijini, kama zile za kata ya Mbebe wilayani Ileje, ndicho kinachowafanya matabibu wazuri waonekane wachoyo na wabovu waonekane wakarimu.

Kwanza, tunamzungumzia nani? Marekani wana kada ya wauguzi waliosomea kuchunguza na kutibu kwa mamlaka yao wenyewe. Mafunzo hayo yalianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965. Kwetu Tanzania kazi hiyo alipewa tabibu, mwenye stashahada ya miaka mitatu, na chini yake tabibu msaidizi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yakaongezeka haraka kuliko watu wa kuyakalia. Ndiyo maana tabibu akiitwa semina au akienda wilayani kufuatilia dawa, anayebaki na chumba cha wagonjwa ni muuguzi. Kijijini wote wawili huitwa daktari, na ninayoyasema hapa yanawahusu wote wawili.

Anza na mtoto anayekohoa, kwa sababu hakuna mgonjwa anayemfichua tabibu upesi kama huyu. Tabibu mzuri hagusi kalamu ya kuandika dawa kabla ya maswali manne: mtoto ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepata degedege? Amelegea kupita kawaida, au haamki? Jibu moja baya kati ya hayo manne linabadilisha safari nzima, na huyo ni mtoto wa rufaa. Mengine hufuata baadaye.

Kisha tazama anavyohesabu pumzi. Mtoto akilia, anasubiri. Anamwambia mama amnyonyeshe kwanza atulie. Halafu anapandisha fulana mpaka kifuani, anashika saa au simu mkono mmoja, macho yake yanabaki tumboni kwa mtoto, na kwa dakika nzima hasemi neno. Ukiwa hapo benchi dakika hiyo ni ndefu. Foleni inakohoa nje, mtu anachungulia mlangoni. Wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Tatizo ni kwamba pumzi za mtoto mdogo hazina mpangilio. Huenda mbio, zikatua, zikaenda tena. Ukikosea pumzi moja ndani ya sekunde 15, umekosea nne kwa dakika, na nne zinatosha kumvusha mpaka. Na mpaka wenyewe ni huu: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi, miezi miwili mpaka kumi na moja, 50, mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Kabla hajashusha fulana, anaangalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inazama ndani mtoto anapovuta hewa.

Zikifika mpaka kwa mtoto wa miezi miwili au zaidi, anapewa amoksilini ya kuyeyusha kwa maji, na tabibu aliyebobea humpa dozi ya kwanza palepale. Anachukua kijiko, anamwonyesha mama, kisha anamwachia mama afanye mwenyewe mbele yake. Zikiwa 36 kwa mtoto wa miaka miwili na kifua kimetulia, ni mafua tu. Hapo ndipo unapomjua. Kumpa mama maelezo ya kumnywesha mtoto vitu vya uvuguvugu, kumtajia dalili za kumrudisha haraka, na kumwacha aende bila antibaiotiki, ni kazi ngumu kuliko kuandika dawa. Mama amelipa bodaboda. Jirani atamuuliza amepewa nini.

Homa ina mtego wake. Songwe, mkoa ilipo Ileje, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo ukiilinganisha na Tabora au Kigoma, lakini mdomoni mwa watu kila joto la mwili bado ni malaria. Kipimo cha haraka kimesaidia sana, ila nacho kina ustadi wake. Tazama kama pakiti inafunguliwa mbele yako, kama glavu ni mpya, kama tone la damu limeingia kwenye kishimo chake na maji ya kipimo kwenye chake. Halafu tazama kama ameandika saa juu ya kile kidude cha plastiki. Vipimo vingi husomwa baada ya dakika 15 au 20 kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji. Anayesoma mapema anaweza kukosa mstari hafifu, na aliyekisahau mezani mpaka mchana anaweza kuuona mstari ambao si wa kuaminika.

Swali linalomtofautisha fundi na msomaji wa mistari ni hili: "Mama, mara ya mwisho alimeza dawa mseto lini?" Kipimo kinachotumika sana hutafuta protini ya mdudu, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mstari huku homa yake ya leo inatoka kwenye sikio. Tabibu asiyeuliza atampa dawa mseto mara ya pili, na sikio litaendelea kutoa usaha. Na pale dawa mseto inapostahili, sikiliza maelekezo. Dozi ya pili ni masaa manane kamili baada ya ya kwanza, na si "jioni". Zinazobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Na kila dozi imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au mboga ya karanga, maana bila mafuta mwili hauinyonyi vizuri.

Kipimo kikisema hakuna malaria, je? Hapa matabibu wabovu huzaa magonjwa mawili mapya: taifodi na UTI. Sijui ni wangapi wamewahi kutoka maabara ya mjini bila mojawapo. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakiwa ya virusi. Malaria ilikuwa kama mtoto mmoja kwa kila kumi. Taifodi haikufika wanne kwa mia. Kipimo cha Widal, kile kinacholeta majibu ya namba kama 1:80 na 1:160, hutafuta kinga ambazo mtu anaweza kuwa nazo tangu maambukizi ya zamani au hata ya vimelea vingine, kwa hiyo majibu ya siku moja hayathibitishi kitu. Tabibu mzuri huiweka karatasi hiyo pembeni na kurudi kwa mgonjwa: homa ina siku ngapi, tumbo likoje, choo kikoje. Kwa UTI, huuliza kwanza kama mkojo unachoma na kama unabana mara kwa mara. Mwanamke mzima asiye mjamzito na asiye na dalili hatibiwi kwa sababu darubini imeona seli chache za usaha.

Presha nayo hupimwa vibaya mchana kweupe. Ileje ni milima na baridi, mama amepanda kilima na sweta lake, anaingia, anakalishwa, mkanda unafungwa juu ya sweta, pampu inaanza huku akiulizwa habari za nyumbani. Namba inayotoka hapo ni ya kilima, ya sweta na ya mazungumzo. Anayejua kazi humwacha mama akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nguo imevuliwa mkononi, na wote wawili kimya. Mkono mnene unataka mkanda mpana. Mdogo hupandisha namba. Akipata 150 kwa 95 anapima tena, na siku nyingine tena, kabla ya kumwandikia mtu dawa za maisha. Akipata 180 kwa 110 au zaidi, au mama ana maumivu ya kifua, au macho yameingia ukungu, hasubiri siku nyingine. Na kwa mgonjwa wa zamani, tega sikio uone kama anauliza dawa ziliisha lini bila kufoka. Mzee akifokewa mara moja, mara ya pili atasema amemeza zote.

Kuhara nitakupitia haraka. Ngozi ya tumbo ibanwe na kuachiwa, ionekane inarudi upesi au inasuasua. Paketi moja ya ORS kwa lita moja ya maji, na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Kuhara kwa maji kusiko na damu kwa kawaida hakuhitaji antibaiotiki, hata kama duka la dawa linakungoja barabarani. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni makohozi kwenda kupimwa kifua kikuu, si chupa ya tatu ya dawa ya kifua. Katika mkoa wenye mji wa mpakani kama Tunduma, ambapo malori ya Zambia na Kongo hulala foleni, anayelisahau hili hafai kukaa kwenye kiti kile.

Kuna jambo linalochanganya hukumu yote hii. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwafuatilia matabibu mkoani Arusha wakakuta kwamba mtafiti akiingia chumbani, maswali huongezeka na uchunguzi hukamilika. Wagonjwa kadhaa wakishapita, tabibu hurudi kwenye desturi yake. Kujua walikuwa wanajua. Ndiyo maana nyota ambazo serikali huvipa vituo vya msingi, kuanzia sifuri mpaka tano, zinafaa kwa maji, vyoo na rejesta, lakini huwezi kuzitegemea kumjua mtu. Ukitaka kumjua, usiende siku ya wageni kutoka wilayani. Nenda saa saba mchana siku ya kliniki ya watoto, uwe namba ya mwisho, uone kama dakika ya kuhesabu pumzi bado ni dakika.

Mwisho omba uione karatasi ya rufaa, hata kama si yako. Iliyoandikwa na mtu mwenye ujuzi haisemi "malaria kali, msaada zaidi". Inataja dalili ya hatari aliyoiona na saa aliyoiona, uzito wa mtoto kwa kilo, dawa aliyotoa kabla ya safari, kiasi gani, na kwa njia gani. Mtoto anaondoka akiwa amepata dozi ya kwanza na amefunikwa, mama ameambiwa aendelee kumnyonyesha njiani akiweza. Barabara za Ileje wakati wa masika hazina haraka, na daktari wa hospitali ya wilaya, Itumba, atakayempokea usiku asipoona saa ya dawa ya kwanza, hatajua ya pili aitoe lini.